Shangazi Ajibu: Bili ya Kamba, Pedi ya Mume na Noti ya Ukumbini

Barua zimejaa tangu mwezi uandame, na safari hii nyingi ni za starehe, si za mirathi na viwanja kama toleo lililopita. Nimefurahi. Nimechagua chache. Zilizokuwa ndefu nimezipunguza, na majina nimeyaacha kapuni. Mlioniandikia niwatafutie wachumba, subirini kwanza.

*

Shangazi, shikamoo. Tuko marafiki watano, wanawake watupu, tulisoma pamoja sekondari. Kila mwisho wa mwezi mshahara ukiingia tunakwenda kula Raskazone, tunakaa kwenye upepo wa bahari mpaka saa tatu usiku. Tatizo ni mmoja wetu. Sisi tunaagiza chipsi kuku au wali samaki. Yeye ataagiza kamba wa kuchoma, ngisi, juisi mbili, halafu na cha kufungiwa apeleke nyumbani. Bili ikija, yeye ndiye wa kwanza kusema, "Tugawane sawa jamani, sisi ndugu." Mwezi uliopita bili ilikuwa shilingi 110,000. Mimi nilikula cha 9,000, nikatoa 22,000. Yeye alikula cha 46,000, akatoa 22,000 hiyo hiyo. Nikisema nitaonekana bahili. Nifanyeje?
Mnyamavu, Chuda

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kukujibu nilichukua kalamu. Ukitoa chakula chako na cha huyo mwenzio, waliobaki watatu wamekula cha 55,000 na wamelipa 66,000. Na wao wamezidishiwa, si wewe peke yako. Meza nzima inamlipia mtu mmoja kamba wake, na kila mmoja anadhani wenzake wameridhika. Naona mko wanyamavu wanne, basi tu wewe ndiye uliyeshika kalamu.

Mimi nimeendesha mgahawa miaka mingi kabla magoti hayajanigomea. Nimesimama na bili mkononi mbele ya meza za kila namna: za harusi, za wafanyakazi wa bandarini, za wanafunzi waliochanga sarafu. Anayewahi kusema "tugawane sawa" mara nyingi ni yule ambaye sahani zake nimezibeba kwa mikono miwili. Si lazima awe mbaya. Wengine hawahesabu kabisa, wanakula wakiongea, na bili kwao ni habari mpya kila mwezi. Huyu wenu siwezi kumsemea, ila hicho cha kufungiwa kinanitia shaka. Mtu asiyehesabu hakumbuki kufungasha.

Kugawana sawa tumekurithi kutoka kwenye sinia. Pwani tunakula sinia moja: pilau limewekwa katikati, nyama imekaa juu, kila mtu anakula upande wake, na mwenzio akionekana amekwisha unamsogezea mnofu. Hapo mkichanga sawa ni haki tupu, maana hakuna anayejua nani kala punje ngapi. Lakini nyinyi mmekwenda mahali penye orodha ya vyakula, kila mtu na sahani yake na bei yake, halafu mnalipa kwa sheria ya sinia. Haviendi pamoja. Chagueni kimoja.

Na kuna jambo la samaki ambalo wateja wengi hawaliulizi. Samaki mzima, na mara nyingi kamba pia, huuzwa kwa ukubwa au kwa uzito, kwa hiyo bei yake kwenye orodha ama haipo au inaanzia chini. Mhudumu anakuletea changu wawili kwenye sahani uchague. Unamnyooshea kidole yule mnene bila kuuliza, na bei unaikuta kwenye bili. Ulizeni palepale, samaki akiwa bado mbichi. Ulizeni pia kama bei zina VAT ndani yake au wataiongeza chini. Hiyo kwa kawaida ni asilimia 18, na kwenye bili ya laki si pesa ya peremende.

Sasa cha kufanya. Usiandike kwenye kundi lenu la WhatsApp. Maneno ya pesa yakiandikwa huwa makali kuliko yalivyokuwa moyoni, na kuna mtu atayapiga picha. Subiri mwisho wa mwezi. Mkishakaa, mhudumu akija na kijidaftari chake, agiza wewe wa kwanza, umwambie kwa sauti ya kawaida: "Kaka, mimi bili yangu niandikie peke yangu." Usieleze sababu. Ukieleza sababu umefungua kikao. Utaona kabla mhudumu hajamaliza meza, mwingine atasema, "Na mimi hivyo hivyo." Mhudumu hachukii, ili mradi umemwambia mwanzo. Tulichokichukia sisi ni watu kutuambia mwishoni, wameshachanganya soda na juisi, wanataka tupasue bili moja mara tano huku meza nyingine inaita.

Mkitaka kuendelea kuchanga sawa, agizeni sinia. Biriani la watu watano, samaki wa kupaka wawili wakubwa, jagi la ukwaju. Anayetaka kamba wa pembeni, kamba huyo ni wake. Na cha kufungiwa nyumbani hakiingii kwenye bili ya meza, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja.

Kuhusu kuonekana bahili: siku ya kuzaliwa ya mmoja wenu, mwambie, "Leo nimekualika mimi," ulipe chakula chake chote na usilalamike. Tanga bado tunajua kwamba aliyealika ndiye mlipaji. Bahili haaliki.

*

Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili. Mume wangu ana miaka 31, anaendesha bajaji. Akishaegesha saa mbili usiku haji nyumbani, anapitia kwenye kibanda cha gemu, kurudi ni saa tano. Nikimpigia anasema, "Mechi inaisha sasa hivi," na haiishi. Hesabu ya siku inakuja pungufu, mara elfu tatu, mara elfu nne. Dada yangu ananiambia nikamtoe mbele ya wenzake aone haya. Mimi nahofia kuna mwanamke na hilo gemu ni kisingizio.
Mke wa Mwenye Pedi, Makorora

Usiende. Ukienda kumtoa mume kibandani utarudi naye, lakini kesho atatafuta kibanda cha mbali zaidi.

Kuhusu huyo mwanamke, nilimwuliza mtoto wa mdogo wangu, ana kibanda cha gemu za PS huko Mabawa, anajua biashara hii kuliko mimi na wewe. Akacheka. Akaniambia vibanda vingi vina sheria moja: anayefungwa ndiye analipa mechi, na mshindi anabaki na pedi, kile kidude cha kuchezea cha mkononi, kumsubiri mwingine. Kwake mechi ni shilingi 500. Kijana anayejua kucheza anaweza kuingia saa moja akatoka saa nne hajatoa hata mia. Wasiojua ndio wanaolipa umeme wa kibanda. Mumeo akija na upungufu wa elfu nne, basi amefungwa mechi nane. Pole sana, lakini mwanamke simwoni hapo. Naona beki mbovu.

Na hilo la "inaisha sasa hivi", nalo nimelipeleleza. Mchezo wenyewe ni ule wa mpira ulioitwa FIFA miaka yote, tangu 2023 unatoka kwa jina la FC, ila vijana bado wanasema FIFA. Mwenye kibanda anapanga kila kipindi kiwe dakika nne, sita, apendavyo. Ukipiga simu dakika ya 70 ya kwenye kioo, kweli zimebaki dakika chache za saa yako ya ukutani. Hajadanganya. Lakini wakitoka sare wanaongeza muda, kisha penalti, na aliyefungwa anadai marudiano. Kwa hiyo kumwambia "uje saa tatu" ni kumwambia aache mechi katikati, na aliyeacha kahesabiwa kafungwa, analipa na kuchekwa juu. Mpangie kwa mechi, si kwa saa. "Mechi tatu, uje." Mechi tatu hata akifungwa zote ni 1,500, na zote zinaisha.

Niseme jingine, wanawake wenzangu msininunie. Baba zetu walikuwa wakitoka baada ya isha kwenda kwenye bao, wanarudi tumeshalala. Mama yangu alikuwa akifunika chakula kwa kawa, na hakuna aliyesema bao ni ugonjwa. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba bao halikuwa na mlango wa kulipia. Wakati mwingine tunachukia ugeni wa kitu, tukakipa jina la uharibifu.

Mumeo kutwa nzima yuko na watu wanaopanda na kushuka. Anaongea na vioo. Pale kibandani kuna wenzake wanaomjua kwa jina, wanaomtania kuhusu beki yake. Akiacha gemu bila kupata kitu mahali pake, atakuwa nyumbani saa mbili usiku amenuna mbele ya runinga, na utaniandikia tena.

Kaeni siku asiyokuwa na uchovu, siyo usiku anaporudi. Mwambie elfu nne ni nini ndani ya nyumba: unga kilo mbili na chenji ya dagaa. Mpange fungu la gemu la wiki, litoke kwenye hesabu yake wazi, lisitoke kimyakimya. Mpange na siku. Mbili kwa wiki zinatosha baba wa watoto wawili. Siku nyingine watoto wamwone kabla hawajalala.

Msikimbilie kununua mashine ya mtumba muiweke sebuleni. Najua atakushawishi kwamba ni kubana matumizi. Kibanda kizima kitahamia kwako, utapika chai ya watu sita, na LUKU utanunua wewe.

Na Jumapili moja mchana, mwambie akupeleke. Shika pedi. Akufundishe kupiga pasi. Akikufunga, alipe yeye.

*

Shangazi, tunakwenda Mkwakwani kila Wagosi wa Kaya wakicheza nyumbani, sisi marafiki wanne. Mmoja wetu ndiye anayeshika tiketi zote na kila mara anachelewa. Mechi iliyopita tuliingia goli limeshafungwa, tumelisikia tukiwa nje ya ukuta. Tumemsema hadi tumechoka.
Shabiki wa Mikanjuni

Coastal Union, hao Wagosi wa Kaya wenu, ilianzishwa mwaka 1948 na ubingwa wa ligi iliuchukua 1988. Mtu wa Tanga akiambiwa goli, hatakiwi kulisikia nje ya ukuta. Hatuyapati mengi kiasi cha kuyagawa. Kila mtu anunue tiketi yake na ashike tiketi yake. Yeye aje atakapokuja. Kumsema achaneni nako.

*

Shangazi yangu, shikamoo. Idi iliyopita tulikwenda kwenye taarab, mashoga sita tumeshona sare. Wimbo mmoja ukafika kwenye ubeti wa kuwasema watu wanaokula cha wenzao kisha wakajifanya wema. Nikainuka na noti ya elfu kumi nikamtunze mwimbaji. Kumbe meza ya pili amekaa jirani yangu, ambaye mwaka juzi tuliwahi kukosana kwa sababu ya mchezo wa pesa, alipokea zamu yake akasita kuchangia. Akanuna palepale. Sasa hanisalimii, na mtaa mzima unasema nilimpiga kijembe ukumbini. Wallahi sikumkusudia. Nimwombe radhi kwa kosa nisilolitenda?
Mtunzaji, Barabara ya 8

Mtunzaji, marahaba. Mimi na wewe wa mji mmoja, basi tuzungumze kama watu wa mji mmoja.

Wimbo huo una beti ngapi? Hukuinuka kwenye ubeti wa kwanza. Hukuinuka kwenye kiitikio, ambapo watu wote huinuka na hakuna anayehesabiwa. Umeinuka kwenye ubeti wa kula cha wenzao, na meza ya pili amekaa aliyekula cha wenzake. Uniambie hukumwona, nitaamini; sare za Idi zilikuwa nyingi na taa za kumbi zetu tunazijua. Lakini usishangae kwamba yeye hakuamini. Ukumbini noti ina uso. Watu hawatazami mwimbaji amepewa kiasi gani, wanatazama mtoaji ametokea wapi, ameinuka kwenye neno gani, na wakati wa kurudi amepita njia gani. Ulipita mbele ya meza yake au nyuma? Hukuniandikia, na nadhani unajua kwa nini nauliza.

Waliozaliwa juzi wanafikiri mambo haya yameletwa na vinanda. Nyimbo za kuchambana ni za tangu na tangu. Hapa Tanga palikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoitikisa taarab ya pwani nzima katika miaka ya 1960 na 1970 kwa magitaa na mwendo wa haraka, na marehemu Bi Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, alianzia huku kwetu. Mashabiki wa vikundi walikuwa wanagawanyika majumbani. Kanga ziliandikwa, zikavaliwa, zikajibiwa. Uzuri wa taarab yenyewe uko hapo: mshairi haandiki jina la mtu, kila msikilizaji analeta jina lake mwenyewe kutoka nyumbani. Wewe ulileta la nani sijui. Jirani yako alileta lake.

Kwa wanaotaka kutunza bila vita, nitasema ninavyojua mimi. Inuka kwenye kiitikio, au vyombo vikiwa vinapiga peke yake. Inukeni wawili watatu pamoja, mkicheza, maana noti ya mtu mmoja aliyetembea peke yake kutoka mezani hadi jukwaani husomwa kama barua. Mpe mwimbaji mkononi, usimwekee kwenye paji la uso huku umegeuka unatazama watu. Ukirudi, rudi ulikotokea. Na kama unataka kweli kumpiga mtu kijembe, basi kubali na majibu yake. Usipige kisha ukaleta Wallahi.

Radhi ya kosa usiombe. Ukiomba radhi ya ule ubeti, umekiri ubeti ulikuwa wake, na hapo ndipo mtaa utapata maneno ya mwaka mzima. Nenda kwake. Nenda asubuhi, siyo jioni wakati baraza limejaa. Chukua mtu wa makamo mnayemheshimu wote wawili, na usiende mikono mitupu; vitumbua vya moto vinatosha. Usianze na ukumbi. Anza na ule mchezo wa pesa, kwa sababu huo ndio ugomvi wenyewe na haukuwahi kumalizwa. Mwambie, "Lile la mwaka juzi mimi nimelisamehe," au kama bado unamdai, mwambie unamdai kiasi gani na atakulipa lini. Likiisha hilo, la noti litakwisha bila kutajwa.

Mlikuwa mkipitiana mlangoni tangu mwaka juzi mnasalimiana kwa meno. Mwimbaji hakuleta kitu.

*

Shangazi, tulijipanga watu wanane kwenda Bagamoyo kwenye tamasha. Kila mtu alitoa 60,000. Siku mbili kabla ya safari mmoja akasema ameghairi na anataka zake zote. Mtunza hazina ni mimi. Tumekwenda, tumerudi, na bado ananidai.
Mweka Hazina, Usagara

Kwanza mmefanya vizuri kwenda. Tamasha la Bagamoyo lipo tangu mwaka 1982, linaandaliwa na chuo cha sanaa, siku hizi TaSUBa, na mtu wa Tanga hana udhuru: unashika barabara kuu hadi Msata, kisha ile ya lami ya kilomita 64 inakutupa pwani.

Hesabu uliyoniambatishia inasema hivi: Hiace ya kukodi 280,000, nyumba ya wageni 120,000, chakula 80,000. Jumla 480,000, sawasawa. Sasa gari lilikuwa linakwenda kwa bei hiyo hiyo awemo asiwemo. Vyumba mlikwisha kuvilipia. Kilichobaki bila kuliwa kwa ajili yake ni chakula, na fungu lake la chakula ni 10,000. Mrudishie hiyo elfu kumi na karatasi ya hesabu, mkononi, na shahidi mmoja wa safari awepo.

Angeleta mtu wa kukaa kwenye kiti chake, angerudishiwa zote. Siku mbili zilitosha kumpata. Kwenda tamasha watu hawakosekani. Kama alighairi kwa ugonjwa au msiba, hilo ni jingine, nyinyi saba chunguzeni mioyo yenu, mchange mumfidie. Barua yako haikusema msiba. Imesema "ameghairi", na imesema aliyemwona siku hiyo alimwona saluni.

Mkichanga tena, semeni siku ya mchango wa kwanza, mbele ya wote: siku fulani ikipita, za gari na za kulala hazirudi.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi kijana wa miaka 26, natokea Njombe, nimeletwa Tanga kikazi, nimepanga Sahare. Wenzangu kazini ni wazuri lakini kila wakitoka wanakwenda baa, na mimi sinywi. Nikienda naishia kunywa soda na kuchanga bili ya bia. Wikiendi nalala tu na simu. Watu wa hapa wanasalimia vizuri lakini sina rafiki. Nianzie wapi?
Mgeni wa Sahare

Marahaba, mwanangu, na karibu. Habari ya bili ya bia nimeshamjibu mwenzio wa Chuda hapo juu. Soma mstari wa "niandikie peke yangu".

Watu wa hapa kukusalimia vizuri si urafiki bado, hiyo ni adabu tu, hata mdai wetu tunamsalimia vizuri. Urafiki wa Tanga unapatikana kwa kukaa. Tafuta baraza la kahawa lililo karibu na unapolala. Yapo kila mtaa, na ukiingia Ngamiani kwenye zile barabara za namba hukosi kulikuta moja kila unapokata kona. Nenda baada ya magharibi. Toa salamu kwa wote, kaa pembeni, usikalie kiti kilicho wazi karibu na mzee. Kina mwenyewe, amekwenda kuswali. Kunywa kikombe chako, kula kashata yako, ulipe, uondoke. Siku nyingine vivyo hivyo. Ukishazoeleka, siku moja mwambie muuza kahawa awamiminie wote waliopo. Ni sarafu chache, na kesho yake watakuuliza kwenu ni wapi.

Kama wanacheza bao, tazama. Mbao ina mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na 10 zilizokwisha pangwa na 22 mkononi za kunamua. Utadhani umeelewa siku ya kwanza. Hujaelewa. Wakimaliza kunamua wanaingia kwenye mtaji, kete zinazunguka mkono mmoja hadi unasahau alianzia wapi, naye anajua. Usimwonyeshe mtu shimo la kuchezea hata kama umeliona. Kelele za bao ni za wenyeji, wewe cheka wakicheka. Mmoja wa wazee atakuita mwenyewe ujaribu, akufunge haraka, afurahi, na hapo umepata mwalimu.

Tafuta na baiskeli. Mji wetu ni tambarare na baiskeli hapa haina umri wala cheo. Utamwona karani na mama mwenye kikapu cha samaki barabara moja. Jumamosi asubuhi jua halijakaza, endesha mpaka mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka mjini kwa barabara ya Mombasa. Ukienda peke yako utarudi na picha. Kwa hiyo mwombe kijana mmoja wa barazani akupeleke, hata kama njia unaijua.

Mkwakwani nenda, kaa katikati ya watu wa nyumbani. Ukiwa shabiki wa Simba au Yanga usiseme wiki za mwanzo.

Ukiona vyote hivi vizito, niandikie tena uniambie uko upande gani hasa wa Sahare. Nina wapwa watatu huko wanaocheza karata za wahedi sitini kila Ijumaa usiku kwenye kibaraza, mchezo wa watu wanne. Wa nne wao amehamia Dodoma tangu mfungo uliopita, na kila siku wananililia mimi.